Kuongeza dozi ya statini au kumeza kidonge chenye dawa mbili?

Mgonjwa ambaye kolesteroli yake mbaya, yaani LDL, haijashuka vya kutosha kwa statini (dawa za kupunguza kolesteroli) pekee, daktari anaweza kumwongezea dozi au kumpa kidonge kimoja chenye simvastatini, ambayo ni aina ya statini, na ezetimibe. Kuongeza dozi kuna faida ndogo kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa kila inapozidishwa mara mbili, LDL hushuka kwa takriban asilimia 6 tu zaidi, huku hatari ya madhara ya misuli ikipanda. Kidonge cha mchanganyiko hufanya kazi sehemu mbili: simvastatini hupunguza utengenezaji wa kolesteroli kwenye ini, na ezetimibe, miligramu 10, huzuia isifyonzwe kwenye utumbo mwembamba. Katika utafiti wa IMPROVE-IT uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa 18,144 waliokuwa wamelazwa kwa matatizo ya ghafla ya moyo, matukio mabaya ya moyo na mishipa ya damu yaliwapata asilimia 32.7 ya waliotumia mchanganyiko, dhidi ya 34.7 ya waliotumia simvastatini pekee. Tofauti ni ndogo, lakini kwa aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo naiona ina uzito. Hata hivyo, simvastatini iliyomo haipatani na antibiotiki ya klarithromaisini, hivyo mfamasia aambiwe mapema.