Filta ya ndoo mbili: miezi saba jikoni kwangu, na maji bado yana chumvi

Nauza chai na vitumbua Mlingotini, kijiji cha pwani karibu na Bagamoyo. Kisima chetu ni cha maji ya chumvi kidogo, yale ambayo sabuni haitoi povu na maharage yanakula kuni mpaka unakata tamaa. Ndiyo maana kijana mmoja muuza filta mjini Bagamoyo aliponiambia, "Dada, hii inatoa kila kitu: wadudu, chumvi, kemikali," nilitoa Sh65,000 bila hata kuomba apunguze. Nikatangaza kijiji kizima.

Kesho yake alfajiri mvuvi mmoja, mteja wangu wa siku zote, akapiga funda la kwanza, akaangalia kikombe. "Shemeji, ule mtambo wako hujauwasha?"

Basi nieleze ninachokijua sasa. Ni ndoo mbili za plastiki, moja imekaa juu ya nyingine. Ndoo ya juu ina vichujio viwili vyeupe vya kauri, vinene kama mshumaa wa msikitini wa zamani, na ya chini ina koki. Unajaza jioni, asubuhi una kama lita 20. Polepole, lakini maji ya masika yaliyoingia na rangi ya udongo yanatoka meupe kabisa. Kwa hilo sina la kulalamika.

Kuosha ndiko kunakokuonyesha ulichokuwa unakunywa. Kila Ijumaa navisugua vichujio kwa mswaki mpya, bila sabuni, na unatoka ute wa kahawia unaonata vidoleni. Mara ya tatu niliona kwenye kichujio kimoja ufa mwembamba kama unywele. Nilikitumbukiza majini, nikapuliza kwenye shina lake: mapovu yakatoka pale pale penye ufa. Hicho ni cha kutupa, maana maji hupita ufa bila kuchujwa. Yule muuzaji hauzi kichujio kimoja kimoja. Anataka ununue ndoo zote upya. Hapo alinikera.

Na mwangalie mpwa wako. Wa kwangu nilimkuta amefunua ndoo ya chini anachota kwa kikombe alichokiokota mchangani. Kazi ya usiku kucha imeharibika kwa mkono mmoja.

Kuhusu chumvi, fundi aliyetuchimbia kisima alinicheka. Huku pwani, alisema, maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yamekaa juu ya maji ya bahari chini ya ardhi, kama tui zito linavyokaa juu ya mchuzi. Kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 zimelala chini yake. Mkivuta kwa pupa, hasa kiangazi, ya chini yanapanda. Na chumvi ikishayeyuka haizuiliwi na tundu la kauri, kama sukari isivyozuiliwa na chujio langu la chai. Nina miaka kumi na mbili kwenye biashara hii, hilo nilipaswa kulijua mwenyewe.

Lakini chumvi unaionja. Kilichonitisha hakina ladha. Choo cha shimo cha jirani kiko hatua kumi na nane kutoka kisimani, wakati tunaambiwa iwe mita 30 angalau. Nikapeleka chupa mbili maabara, moja ya kisimani na moja ya koki. Vimelea vya kinyesi: kisimani vimo, kwenye koki hakuna. Nilifurahi. Nitrati: chupa zote mbili sawa, na zote juu ya miligramu 50 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Hiyo ni kemikali inayotoka chooni na kwenye mbolea, na filta haiigusi. Kuchemsha ndiyo kabisa: maji yanapungua, nitrati inabaki, inazidi kukolea.

Mama mkwe alikuwa akimkorogea mjukuu wa miezi miwili maziwa ya kopo kwa maji hayo, yamechujwa na kuchemshwa, ametimiza kila alichofundishwa. Muuguzi wa kliniki alituambia nitrati ikizidi huizuia damu ya mtoto mchanga kubeba hewa, midomo inageuka bluu. Wa kwetu hakufika huko. Sasa maji yake tunanunua ya bomba, dumu moja moja, na hata hayo tunayachemsha.

Ndugu zangu wa Arusha mlioniuliza kuhusu floraidi, yale madini ya kwenye maji yanayoharibu meno yakizidi: jibu ni lile lile, kauri haiitoi. Kwenu ulizeni chujio la makaa ya mifupa.

Filta bado naitumia, kwa maji ya kunywa sisi watu wazima. Nyota tatu kwa ndoo, moja kwa muuzaji. Chai napikia maji ya bomba, kikombe nimepandisha Sh100, na mvuvi analipa huku ananuna.