Kinyago cha mionzi wakati wa mlipuko wa ugonjwa: uzoefu wangu

Kinyago ninachokisema ni lile bamba la plastiki lenye matundu linalombana mgonjwa wa saratani ya kichwa au shingo asisogee wakati wa mionzi. Nimekitumia Kampala wakati wa korona na baadaye. Ni kifaa kizuri sana, lakini mlipuko ukiingia hakuna kitu chumbani kinachohitaji uangalifu kukishinda. Mashine haimgusi mgonjwa. Kinyago hupata pumzi, mate na machozi yake siku tano kwa wiki, mara nyingi kwa vipindi 35.

Hatari kubwa iko siku ya kukitengeneza. Bamba hulainishwa kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 70 hivi. Likungʼute maji, lijaribu kwenye mkono wako kwanza, kisha watu wawili walivute kutoka paji la uso hadi chini ya kidevu na kukandamiza kwa vidole kwenye mfupa wa pua. Hapo nyuso zenu zimekaribiana na mgonjwa hana barakoa, kwa hiyo ninyi vaeni barakoa za N95, zile zinazochuja hewa vizuri, na kinga ya macho. Msikitoe kikiwa vuguvugu. Huendelea kunywea, na kesho kitambana.

Kumwachia barakoa chini ya kinyago sikushauri. Waya wa puani huleta michirizi kwenye picha za CT, zile za ndani ya mwili zinazotumika kupanga mionzi, na kitambaa kikikunjika tofauti, kidevu nacho hukaa tofauti. Wagonjwa wa matiti au mlango wa kizazi hawahitaji kinyago, hivyo hao wabaki na barakoa mwanzo hadi mwisho.

Kila baada ya kipindi kifutwe ndani na nje kwa spiriti ya asilimia 70, kama mtengenezaji anaruhusu, kiachwe kikauke chenyewe. Kisitiwe maji moto hata kidogo! Umbo likipotea, mgonjwa anaanza upya: kinyago kipya, CT nyingine, mpango mwingine, na siku zinakwenda. Kihifadhiwe kwenye mfuko wake wenye jina na namba. Kuvipanga kimoja juu ya kingine ni kuwagusanisha wagonjwa ambao hawajawahi kuonana.

Mgonjwa akikutwa na korona na hali yake inaruhusu, asirudishwe nyumbani wiki mbili. Katika saratani hizi, kila siku inayoongezeka kwenye ratiba hupunguza uwezekano wa kuidhibiti kwa takriban asilimia 1. Atibiwe wa mwisho, chumba kisafishwe baada yake. Siku iliyokosekana ifidiwe Jumamosi, au vipindi viwili kwa siku vyenye pengo lisilopungua saa sita. Mwenye maumivu ya saratani iliyosambaa mfupani ndiye wa kupunguziwa safari: dozi ya grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi) mara moja mara nyingi humtosha.

Mwaka 2020 usafiri wa umma ulipozuiwa na kafyu kuanza saa moja jioni, huyo "wa mwisho" alipaswa kumaliza mapema ili afike alikolala. Barua ya kuombea kibali cha kusafiri kwa RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, nayo ilipaswa kutaja tarehe zote za matibabu, isiwe ya siku moja.

Kasoro ya kinyago ni kwamba mgonjwa hukonda nacho hakikondi. Kidole kikipita kati ya plastiki na shavu, mwite daktari kabla ya kuwasha mashine. Na mwenye kikohozi afundishwe kuinua mkono: mtazame kwenye kamera, ukiuona mkono zima mionzi, ingia, fungua vibanio.