Albendazoli miligramu 400 kwa tegu wa ubongo: kidonge hakina shida, shida ni kinavyomezwa

Kidonge hiki kipo karibu kila duka la dawa, na wengi wanakijua kwa dawa ya minyoo ya watoto shuleni: tafuna kimoja, umemaliza. Hapa tunakipima kwa kazi ngumu zaidi, ya kuua vifuko vya tegu wa nguruwe vilivyokaa ndani ya ubongo. Tunakipa alama nne kati ya tano.

Kabla ya kwenda dukani, ujue unatibu nini. Kitimoto kisichoiva humpa mlaji tegu wa utumbo. Vifuko vya ubongo hutokana na kumeza mayai ya tegu yaliyotoka kwenye kinyesi cha binadamu, kupitia mikono, maji au mboga mbichi, kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe huugua. Mtu mzima wa Mbulu au nyanda za juu kusini anayeanza kuanguka kifafa bila historia nacho apigwe picha ya kichwa. CT (picha ya mionzi) huonyesha vizuri vifuko vilivyokauka na kugeuka chokaa. MRI (picha ya sumaku) ni bora kwa vifuko hai, hasa vilivyojibanza kwenye njia za maji ya ubongo. Ukiona kifuko cha maji chenye nukta ndani, ile nukta ndiyo kichwa cha mnyoo. Kipimo cha damu cha kingamwili husaidia, ila kikipata mgonjwa mwenye kifuko kimoja tu, mara nyingi husema hana kitu. Usikiamini peke yake.

Kama picha ina madoa ya chokaa tu, okoa hela yako. Mnyoo ameshakufa, na tiba ni dawa za kifafa.

Dozi ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikigawanywa mara mbili, bila kuzidi 1,200, kwa siku 10 hadi 14. Mtu wa kilo 60 hesabu inampa 900. Kwa vidonge vya 400 kwa kawaida humeza kimoja asubuhi na kimoja jioni, yaani 800, iliyo karibu na hesabu hiyo. Hapo ndipo wengi hukosea: wanameza tumbo tupu. Dawa hii hunyonywa kidogo mno, lakini ikiandamana na mlo wa mafuta kiasi kinachoingia kwenye damu hupanda hata mara tano. Uji wa sukari hautoshi. Chapati na mayai ya kukaanga, au parachichi zima na maziwa, hapo sawa.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Mnyoo akifa ubongo huvimba, hasa kati ya siku ya 2 na ya 5, na mgonjwa aliyekuja na degedege la wiki mara moja huanza kuanguka kila siku. Kwa hiyo prednisoloni au deksamethasoni, dawa za kutuliza uvimbe, hutangulia albendazoli. Nazo zina masharti yake: mgonjwa apimwe TB, na minyoo ya strongiloidi itibiwe kwanza, maana dawa hizo huiachia izagae mwilini. Daktari wa macho aangalie nyuma ya jicho; kifuko kikifia humo kinaweza kupofusha. Mwenye maji yaliyokwama kichwani au ubongo uliovimba tayari asipewe dawa ya kuua mnyoo mpaka shinikizo lishuke.

Alama moja tumeikata kwa sababu kikiwa peke yake hakimalizi kazi kwa wenye vifuko vingi. Katika utafiti wa Peru uliochapishwa 2014, albendazoli ya kawaida ilisafisha vifuko vyote kwa asilimia 37 ya wagonjwa. Ikiongezwa prazikwanteli, ile dawa ya kichocho, asilimia 64. Kwa hiyo mwenye vifuko hai zaidi ya viwili huongezewa prazikwanteli miligramu 50 kwa kilo kwa siku, yaani vidonge vitano vya 600 kwa mtu yule wa kilo 60, vikigawanywa mara tatu. Anayetumia dawa za kifafa fenitoini au karbamazepini amwambie daktari, kwani hupunguza nguvu ya prazikwanteli, asiziache mwenyewe. (Prazikwanteli hiyohiyo ikitolewa kwa kichocho inaweza kumwangusha kifafa mtu ambaye hajui ana vifuko.)

Matibabu yakipita siku 14, pima ini na chembe nyeupe za damu. Picha irudiwe kila miezi 6 hadi vifuko viishe. Na wanaokula chungu kimoja na mgonjwa wapimwe choo: anayebeba tegu hupewa niklosamidi gramu 2 mara moja, ambayo haiingii kwenye damu wala kugusa ubongo.