Uzoefu wangu: muhuri wa sandali, milimita 15 kwa 60

Huu ni muhuri wa jina wa Kijapani, hanko, uliochongwa kwa sandali, ambayo madukani kule huitwa byakudan. Ni wa mviringo, kipenyo milimita 15, urefu milimita 60, haukupakwa vanishi. Nimeusajili manispaa ya huko uwe jitsuin, yaani muhuri rasmi wa kununulia nyumba, kiwanja au gari. Maswali ninayoulizwa juu yake karibu yote ni ya harufu, na harufu ndiyo ningeiweka mwisho katika kuchagua.

Hata hivyo tuanze nayo. Sandali ya kweli ikishachongwa na kusuguliwa hainukii chumba kizima, wala usitegemee iwe kama liwa iliyosagwa sasa hivi. Ushike kiganjani dakika mbili tatu upate joto, ndipo harufu inapanda: tamu kidogo, nzito, haichomi pua. Ukifungua kasha tu ikakupiga usoni, jihadhari, huenda ni mti mwingine uliochovywa manukato, na baada ya miezi michache utabaki na kijiti. Mafuta ya sandali yamo kwenye kiini cha mti. Sehemu nyeupe ya nje haina harufu. Kwa hiyo omba picha ya uso wa muhuri kabla haujatiwa wino. Uwe wa kahawia ya njano pande zote, usiwe na mwezi mweupe ubavuni. Na ukiambiwa umepakwa vanishi ung'ae, harufu yake imefungiwa humo humo.

Watu wa pwani huulizia udi. Ipo mihuri ya udi, na siipendekezi. Udi ni utomvu unaojikusanya ndani ya mti wa Aquilaria uliojeruhiwa na kuingiwa na kuvu. Palipo na utomvu mti ni mzito hata kuzama majini. Pasipo na utomvu ni mwepesi na laini. Katika uso wa milimita 15 unaweza kupata vyote viwili bega kwa bega, kisu kinakwama hapa na kuteleza pale, na mistari myembamba inamomonyoka. Udi ufukizwe. Tena Aquilaria yote imo Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2005, na msamaha wa bidhaa zilizokamilika za rejareja hauhusu vitu vya kuchonga, kwa hiyo kuvuka mpaka na muhuri wa udi kunataka kibali. Anayekuahidi kipande cha sandali kutoka nyumbani ukakichongeshe naye muulize kibali: msandali wetu, Osyris lanceolata, uliingizwa orodha hiyo hiyo mwaka 2013 kwa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia.

Uchongaji. Uso wa muhuri ni kichwa cha mti, pale nyuzi zilipokatwa kwa kukingama, kwa sababu hapo mstari mwembamba hushika kuliko ubavuni. Fundi husugua uso kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo hadi ulale sawasawa, hupaka rangi nyekundu, huandika jina kinyumenyume kwa brashi na wino mweusi, kisha huubana muhuri kwenye kibanio cha mbao. Kwanza hutoa nafasi tupu, halafu husafisha kingo za herufi kwa kisu cha kumalizia. Mashine hufanya hatua ya kutoa nafasi tupu vizuri tu. Usilipie "mkono mtupu" kama mfuko hauruhusu, lakini lipia kumaliziwa kwa mkono: ncha ya mashine ni ya duara, huacha pembe za ndani zimejaa, na wino hujikusanya humo.

Sandali haina ushupavu wa tsuge, mti wa kawaida wa mihuri. Penye hatari ni ukingo, ule mduara mwembamba wa nje. Chagua mwandiko wa insotai, ambao mistari yake inagusa ukingo sehemu nyingi na kuuegemeza. Tensho ni mzuri kwa macho, ila huacha ukingo peke yake, na ukigonga meza mara moja unameguka.

Kuhusu jina: manispaa inataka alama isiwe ndogo kiasi cha kuenea ndani ya mraba wa milimita 8, wala isizidi mraba wa milimita 25, na jina lilingane na hati ya ukaazi. Ukitaka katakana, herufi za Kijapani za kuandikia majina ya kigeni, hakikisha kwanza imeandikwa kwenye sehemu ya maelezo ya hati hiyo, ndipo uagize muhuri. Majina yetu yana irabu nyingi, yanarefuka: Juma ni herufi tatu, Mwanaidi ni sita. Tatu zinakaa vizuri kwenye milimita 15. Sita kwa mti huu zitake 18, la sivyo mistari inakuwa myembamba mno. Inaruhusiwa kusajili jina la ukoo peke yake au la kwanza peke yake, na kwa sandali jina fupi ni bora. Muhuri wenye ukingo uliomeguka unaweza kukataliwa dirishani.

Kutumia. Wino ni shuniku, ule mzito wenye mafuta ya nyonyo na nta. Usiusindilie muhuri ndani ya kopo. Gusagusa mara nyingi kwa wepesi hadi uso uwe mwekundu wote. Weka mpira laini chini ya karatasi, shusha wima, kisha zungusha uzito wa mkono bila kuusogeza muhuri. Wino wa maji wa mihuri ya ofisini haufai, unavimbisha nyuzi.

Kufuta ndiyo kazi yenyewe. Kichwa cha mti kinanyonya mafuta. Yakikaa, uso unalainika na alama inaanza kuwa nene. Futa papo hapo kwa tishu laini, mifereji isafishe kwa brashi ya nywele. Kijiti cha meno kitang'oa mstari. Spiriti nayo huyeyusha mafuta ya sandali, ukafuta wino na harufu pamoja. Usipake mafuta yoyote ya kuung'arisha. Uweke mbali na hita: hewa kavu ya majira ya baridi hupasua mti, na ufa ukifika kwenye herufi huo si muhuri tena. Nafthalini kabatini itaua harufu yote.

Bei yake ni mara kadhaa ya tsuge, na kwa kazi tsuge inashinda. Kwa benki au vifurushi vya kila siku nunua tsuge. Hata manispaa na ofisi nyingi zimepunguza kudai mihuri tangu 2020. Jitsuin hutoka kabatini mara chache, na kwa uchache huo sandali inafaa: mkononi ni laini, na wangu mistari yake bado mikali.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kasha: lina kikopo cha wino ndani, mafuta yanatambaa hadi kwenye kitambaa na kugusa mti. Agiza kasha lisilo na wino.