PEPMIS kwa mwalimu wa kawaida: afadhali kuliko OPRAS ila jipange

Mwezi wa sita ndo huo, mwaka wa serikali unafungwa na kila mtumishi wa umma Tanzania anakumbuka ana majukumu kwenye PEPMIS, ule mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji kazi. Mi nimeitumia toka ilipochukua nafasi ya OPRAS (ule upimaji wa zamani wa mafomu) na kwa kweli sitamani kurudi kwenye yale makaratasi, unajaza mafomu, mkuu anasaini bila hata kusoma, yanaenda kukaa kabatini basi.

Huku kwenye PEPMIS unaingia kupitia ESS (mfumo wa mtandaoni wa mtumishi kujihudumia), unaweka jukumu, unalivunja vipande vidogo, msimamizi anaidhinisha, halafu unaripoti umefikia wapi naye anakupa alama. Nachopenda ushahidi unabaki. Ukiandika "kufundisha" tu umeumia, andika "kuandaa azimio la kazi Hisabati kidato cha pili, muhula wa kwanza", hapo hata mtu akitaka kukubania maksi anakosa pa kushikia.

Shida ni binadamu jamani. Msimamizi asipoidhinisha we huendi popote, nilishakuwa na bosi mmoja (simtaji) majukumu yetu yamelala kwake tu, ukimkumbusha anakwambia mwalimu nitaangalia, tukaja kuidhinishiwa dakika za majeruhi, staffroom nzima tunagombania laptop moja.

Afu kazi ya ualimu nyingine haiingii popote, ile ya kukaa na mtoto analia nyuma ya darasa utaiwekea tarehe gani ya kuanza na kumaliza?

Nyota tatu na nusu. Kwa simu ya kioo kidogo usijaribu, nenda stesheneri.