Miche ya Rasiberi Nyeusi na Jamaa Zake: Ipi Inunuliwe Kwanza kwa Bustani ya Ohio

Rasiberi nyeusi, ambayo wataalamu wa mimea huiita Rubus occidentalis, ni mwenyeji wa mashariki ya Amerika Kaskazini, na katika jimbo la Ohio historia yake ni ya muda mrefu: aina ya kwanza iliyopewa jina ilitambulishwa mwaka 1832 na Nicholas Longworth, mkulima wa mizabibu wa Cincinnati. Wasomaji wa Kiswahili waliohamia Columbus, Dayton au Louisville kutoka nyanda za juu za Kivu, Rwanda na Burundi hawatauona mmea huu kuwa mgeni kabisa, kwa sababu jamii hiyohiyo ya miiba huota kwenye misitu ya milima ya kwao, na wengi walichuma inkeri, yaani matunda ya miiba hiyo, wakiwa watoto. Mwongozo huu unamlenga mtu mwenye kiwanja kidogo nyuma ya nyumba, anayetaka kununua miche michache na kula matunda yake kwa miaka kadhaa.

Kabla ya kulinganisha aina, ni vyema kujua kinachonunuliwa, kwa kuwa matunda matatu meusi huchanganywa mara kwa mara. Forosadi huzaa kwenye mti mkubwa usio na miiba, na hapa Marekani matunda yake huanguka kwenye njia za watembea kwa miguu mwezi Juni. Blakiberi hutoka pamoja na kiini chake cheupe linapochumwa, nalo hung'aa. Rasiberi nyeusi hukiacha kiini kwenye kikonyo, hivyo tunda lenyewe huwa na uwazi ndani kama kofia ndogo, na matawi yake hufunikwa na unga mweupe kama nta, unaoonekana vizuri zaidi wakati wa baridi majani yakishapukutika. Ladha yake ni nzito kuliko ya rasiberi nyekundu, ina uchachu kidogo na mbegu nyingi, na kwa jamu au maji ya matunda sijapata tunda la jamii hii linaloizidi.

Katika ununuzi huu afya ya mche hutangulia jina la aina. Rasiberi nyeusi huathiriwa vibaya na virusi vinavyosambazwa na vidukari, hasa kidukari mkubwa wa rasiberi aitwaye Amphorophora agathonica, na mmea uliokwisha kuambukizwa hauna dawa. Kwa bahati mbaya, rasiberi nyekundu inaweza kubeba virusi hivyo bila kuonyesha dalili kubwa huku ile nyeusi iliyo karibu nayo ikidhoofika mwaka hadi mwaka, na ndiyo maana hushauriwa kuzitenganisha kwa umbali wa futi 100 hivi, yaani mita 30, pale nafasi inaporuhusu. Basi jirani mwema anapokupa mche uliootea kwenye ncha ya tawi lake, mshukuru, lakini usiupande. Nunua kwenye kitalu kinachoeleza wazi kwamba miche yake imepimwa na kuthibitishwa kuwa haina virusi, hata kama bei yake ni mara mbili ya ile ya mche usiojulikana ulikotoka.

Sharti la pili linatugusa sisi kuliko wengine. Bustani zetu katika miji hii hujaa nyanya, biringanya, pilipili na viazi, na mimea yote hiyo huhifadhi kwenye udongo kuvu wa vertisilia, ambao husababisha mnyauko. Rasiberi nyeusi haiuvumilii ugonjwa huo. Mahali palipolimwa mazao hayo, au stroberi, katika miaka mitatu hadi mitano iliyopita hapafai, na mtu ambaye kiwanja chake chote kimekuwa cha nyanya asinunue rasiberi nyeusi mwaka huu. Chaguo lake ni blakiberi, nitakayoifikia hapa chini. Niliwahi kupoteza safu nzima kwa kupuuza jambo hili, na matawi yaliyokuwa na rangi ya samawati yakanyauka katikati ya joto la Julai huku udongo ukiwa na unyevu wa kutosha. Aidha, maji yasituame: mizizi ya mimea hii huoza haraka kwenye udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji, kwa hiyo palipo na mfinyanzi ni heri kuinua tuta.

Aina ninayoiweka ya kwanza ni Jewel, iliyotolewa na kituo cha utafiti wa kilimo cha Geneva, New York, mwaka 1973. Si tamu kuliko zote, lakini huzaa kwa wingi, matunda yake ni makubwa na yana mng'ao, na inastahimili magonjwa kuliko nyingi za rika lake. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, mche unaosamehe makosa una thamani kuliko ule wenye sifa ya ladha peke yake. Katika Ohio ya kati huiva kuanzia nusu ya pili ya Juni na mavuno huisha ndani ya wiki mbili au tatu. Uharaka huo una faida nyingine, kwani nzi mdogo wa matunda kutoka Asia, Drosophila suzukii, aliyeonekana California mwaka 2008 kisha akaenea nchini kote, hushambulia zaidi matunda ya mwishoni mwa kiangazi na ya vuli. Matunda ya Juni hunusurika kwa kiasi kikubwa.

Nafasi ya pili naipa Mac Black, kwa sababu moja tu: huiva takriban wiki moja baada ya Jewel, na anayepanda miche sita ya Jewel na minne ya Mac Black huurefusha msimu bila kuongeza kazi. Miche kumi ikipandwa kwa umbali wa sentimita 75 hujaza safu ya futi 25, na safu kama hiyo huitosha familia kubwa.

Bristol ni ya tatu, na hapa wapo watakaonipinga. Ilitolewa New York mwaka 1934, na kwa ladha naiona bora kuliko Jewel. Tatizo lake ni ugonjwa wa chule, unaotia madoa ya kijivu yenye ukingo wa zambarau kwenye matawi na kuyadhoofisha. Mwenye eneo lenye jua la kutwa na upepo wa kutosha, aliye tayari kukata na kuchoma matawi yaliyokwisha kuzaa, anaweza kuipandisha hadi nafasi ya kwanza. Munger, ambayo asili yake ni hapa Ohio na ambayo ndiyo imekuwa tegemeo la wakulima wakubwa wa Oregon, siioni kuwa na sababu ya kuchaguliwa mbele ya hizi tatu kwenye bustani ya nyumbani. Niwot huzaa hata kwenye machipukizi ya mwaka wa kwanza, lakini mavuno yake ya vuli hukutana na yule nzi.

Baada ya hapo huja chotara wa zambarau, mtoto wa nyekundu na nyeusi. Royalty, ya mwaka 1982, ndiyo ninayoipendekeza: matunda yake ni makubwa na laini, huiva baada ya rasiberi nyeusi, na yakipikwa jamu hutoa rangi nzuri mno. Hayapendezi sana kuyatazama kabla ya kupikwa, kwa kuwa yana ukungu wa kijivujivu juu yake unaomfanya mgeni adhani yameharibika.

Blakiberi isiyo na miiba ni chaguo la tano kwa jumla, ila ni la kwanza kwa wenye udongo uliolimwa nyanya, kwa sababu huustahimili mnyauko wa vertisilia vizuri zaidi, na kwa wenye watoto wadogo. Triple Crown, iliyotolewa mwaka 1996, ina matunda matamu na makubwa kuanzia Julai. Hata hivyo matawi yake yanaweza kufa katika baridi kali ya kaskazini mwa jimbo, na huko ni salama zaidi kununua Chester, ya mwaka 1985, ambayo hustahimili baridi vizuri kuliko nyingi zisizo na miiba ingawa ladha yake ni ya kawaida. Zote mbili zinahitaji nguzo na nyaya za kuegemea, gharama ambayo mnunuzi aihesabu mapema.

Rasiberi nyekundu nimeiweka mwisho kwa sababu mwongozo huu unahusu nyeusi, si kwa dharau. Heritage, ya mwaka 1969, ina upogoaji rahisi kuliko zote, kwani matawi yote hukatwa hadi ardhini mwishoni mwa majira ya baridi na mmea huzaa vuli hiyohiyo. Anayeichagua aisahau rasiberi nyeusi kwenye kiwanja hicho hicho.

Kuna miche isiyostahili kununuliwa kabisa katika eneo hili. Marion ya Oregon, iliyotolewa mwaka 1956, pamoja na Logan, Boysen na Tay, zote jamaa za blakiberi, ni matunda mazuri sana ya maeneo yenye baridi ya wastani, na Ohio si eneo la namna hiyo. Rubus phoenicolasius ya Asia Mashariki, yenye vinyweleo vyekundu, imekwisha kuwa gugu vamizi mashariki ya Marekani. Rubus armeniacus, blakiberi iliyoingizwa mwaka 1885 na Luther Burbank, mzalishaji wa mimea wa California, akidhani ni ya Himalaya, imefunika kingo za mito ya Oregon na Washington. Mtu akikuuzia mojawapo ya hizi mbili kwa sifa ya kukua haraka, anasema kweli, na hiyo ndiyo sababu ya kuikataa.

Oda itolewe Januari au Februari, kwa kuwa miche iliyothibitishwa huisha mapema, na uombe iletwe Aprili. Mche wa mizizi mitupu ni wa bei nafuu kuliko ule wa kwenye kopo, na ukipandwa kwa wakati hauachwi nyuma. Ukifika, fungua kifurushi siku hiyohiyo: mizizi iwe na unyevu na rangi ya kahawia isiyo na harufu ya uozo, na yenye ukavu wa kuvunjika irudishwe. Itumbukize kwenye maji kwa saa moja kabla ya kupanda, uipande kwa kina kile kile ilichokuwa nacho kitaluni, kisha ukate kipande cha tawi kikuukuu kilichobaki juu ya mche usawa wa ardhi na kukitoa nje ya bustani, kwa sababu chule hupenda kujificha hapo.