Kuziba manifoldi ya HiAce kuukuu nyumbani: rojo, gasketi na mzee wa kukereza

Nitoe hukumu mapema kuhusu kuziba manifoldi inayovuja, yaani chuma kinachokusanya moshi wa silinda zote na kuupeleka kwenye bomba la egzosi, maana najua wengine mtasoma mistari michache tu kisha mkimbilie dukani. Rojo la kuziba egzosi: usinunue kwa kazi hii. Gasketi (kizibo bapa kinachokaa kati ya vyuma viwili) ya chuma ya tabaka tatu: nunua, hata kama bei yake ni mara mbili ya ile nyingine. Fundi wa kukereza anayesawazisha uso wa manifoldi: huyo mlipe kwanza, hata kabla hujanunua gasketi. Kazi iliyobaki unaimudu mwenyewe uani kwako, mradi una soketi nzuri na huna haraka.

Gari ni HiAce ya umbo la zamani, yenye injini ya petroli ya 1RZ, cc 1998, inayokaa chini ya viti vya mbele. Inabeba akina mama wa sokoni na magunia yao kutoka Busia kwenda Bugiri, na siku ya biashara nzuri inafika Iganga. Wenzangu waliojaliwa wanaendesha drone, yaani HiAce ya umbo jipya. Mimi bado niko na hii, na tangu mwaka 2018 Uganda ilipozuia kuingiza magari yaliyozidi miaka 15, vyuma vya zamani vilivyomo nchini tumebaki kuvitunza kama ng'ombe wa maziwa.

Ugonjwa ulianza na sauti. Asubuhi injini ikiwa baridi unasikia tik-tik-tik chini ya kiti, na ukikanyaga mafuta inaenda mbio pamoja na injini. Ukishafika mbali kidogo inafifia, unasahau. Madereva wengi hapa stendi watakuambia ni tapeti, urekebishe valvu. Mara nyingi si kweli. Manifoldi ikipata moto chuma kinatanuka, upenyo unajibana na sauti inapungua, lakini gesi haijaacha kutoka. Na ukianza kupanda mlima na mzigo, inarudi kwa kishindo.

Kilichonifanya nisimamishe gari si sauti. Mama mmoja anayeuza mukene (dagaa), ambaye kiti chake ni cha mbele siku zote, aliniambia, "Baba, mimi nikikaa hapa kichwa kinaniuma mpaka jioni. Nikikaa nyuma, sina shida." Injini iko chini ya kiti chake! Moshi wa petroli una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwenye gari la injini ya mbele, moshi wa manifoldi unapeperushwa na upepo barabarani. Kwenye HiAce ya aina hii unapanda moja kwa moja kupitia kila tundu la kifuniko cha injini, hasa kama mpira wa kuziba kingo zake umeshaisha, na wa kwangu ulikuwa umeisha. Kwa hiyo mwenye gari la aina hii asichukulie tik-tik kuwa ni kelele tu.

Kupata mahali panapovuja ni rahisi. Nyanyua viti, fungua kifuniko, injini iwe imelala usiku kucha. Mpwa wangu aliwasha gari, kisha akabana kitambaa kinene kwenye mdomo wa bomba la moshi kwa sekunde chache, mimi nikinyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio ya manifoldi na hedi, yaani kichwa cha injini. Povu lilichemka kwenye tundu la silinda ya nne. Ukikosa povu, tafuta masizi: pale gesi inapotoka huacha alama nyeusi iliyotawanyika kama unyoya, kavu, na ukiigusa inakuchafua kidole. Fanyeni hivyo mahali pa wazi, si ndani ya banda.

Sasa rojo. Sikulipaka mimi. Gereji moja niliyoipelekea gari zamani ndiyo iliyolipaka na kunitoza kama iliyobadilisha gasketi. Nilipotoa bati la kuzuia joto nikakuta ukoko wa kijivu umezunguka tundu zima, umepasuka vipande, vingine vinatoka kwa kucha. Pakiti za rojo hili zimeandikwa kwamba linavumilia joto kali, na sibishi. Shida haiko kwenye joto, iko kwenye mwendo. Manifoldi ni chuma cha kusubu, hedi ya injini hii ni aluminiamu, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kila ukiwasha na kuzima, nyuso hizo mbili zinasuguana. Rojo likishakauka ni gumu kama chaki, haliwezi kunyumbulika, litapasuka tu. Kwenye tundu dogo la bomba huko nyuma karibu na silensa, linafanya kazi yake vizuri na ni rahisi. Linapata alama 2 kwa 5 kwa sababu hiyo tu. Kwenye manifoldi ni sufuri.

Kufungua nati ndiko kwenye kazi yenyewe. Nati za egzosi huungua mpaka zinakuwa kitu kimoja na stadi (bolti zisizo na kichwa zilizofungwa kwenye hedi), na ukitumia nguvu inayokatika ni stadi. Mimi nachanganya mafuta ya gia bokisi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, natikisa na kudondoshea kwenye kila nati jioni, narudia usiku, na asubuhi tena. Asetoni utaipata duka la vipodozi, lakini soma chupa: dawa nyingi za kuondolea rangi ya kucha siku hizi si asetoni, na hizo hazitakusaidia. Na mchanganyiko huu unawaka kwa urahisi sana, kwa hiyo usiuguse injini ikiwa na moto. Nilijaribu pia mafuta ya kopo ya kulegeza kutu niliyoyanunua kwa shilingi 25,000 za Uganda. Yanafaa, ila sikuona tofauti ya kunifanya nilipe pesa hiyo tena.

Soketi iwe ya pembe sita. Hizi za pembe kumi na mbili zinazouzwa kwa seti barabarani zitaivua nati pembe zake, halafu utaanza kutafuta tupa na matusi. Ukisikia nati inalia, rudisha nyuma kidogo, ongeza mafuta, songa mbele kidogo. Zilitoka zote isipokuwa ya mwisho upande wa nyuma, ambayo stadi ilikatika sawasawa na uso wa hedi. Hiyo si ajabu, stadi za pembeni ndizo zinazovutwa zaidi manifoldi inapopinda.

Hapo ndipo mtu asiyejua anachukua drili. Kwenye hedi ya aluminiamu naomba usifanye hivyo, kwa kuwa ncha itateleza kutoka kwenye chuma kigumu na kula aluminiamu laini iliyoizunguka. Nilimwita kijana wa kuchomelea, akaweka nati mpya juu ya kisiki na kuichomea kupitia katikati. Ule moto wenyewe ndio dawa, unailegeza stadi kwenye nyuzi zake. Akaiacha ipoe kidogo, akashika spana, ikatoka taratibu kama haijawahi kukwama. Alitoza 20,000. Kabla hajawasha mashine yake nilitoa nyaya za betri na za alteneta, na usikubali fundi akuambie hakuna haja.

Manifoldi ikiwa mkononi, iweke rula ya chuma juu ya uso wake na uitazame dhidi ya mwanga. Yangu ilikuwa imeinuka pande zote mbili za mwisho, na kipimo cha jani la milimita 0.5 kilipita chini ya rula bila kugusa. Juu ya uso wa namna hiyo hata gasketi itoke Japani itaungua tu, na hili ndilo gereji ile haikutaka kulitazama.

Nikaipeleka Tororo kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza. Akaigonga kwa nyundo ndogo kwanza, akasikiliza kama inalia vizuri, kisha akaipaka mafuta taa na kuifuta, akatafuta mstari wa mafuta unaojitokeza tena, maana huo ni ufa. Haukuwepo. "Mzee, si unaweza kuipiga msasa tu?" nikamuuliza, nikiwaza bei. "Kijana, msasa unafuata mlima na bonde," akasema. "Mashine inakata mlima." Alitoza 60,000, na matundu yote manne yakawa yamelingana. Alitanua pia kidogo matundu ya bolti ya pembeni ili chuma kipate nafasi ya kuteleza kinapotanuka. Sikumwomba, alifanya kwa sababu anaijua kazi. Lawama zangu ni mbili: foleni kwake ni ndefu, na stima ikipotea unarudi nyumbani mikono mitupu. Tena chenga za chuma alizoacha ndani ya matundu nilizitoa mwenyewe kwa upepo. Alama 5 kwa 5 hata hivyo.

Gasketi niliiagiza kupitia kondakta wa basi kutoka soko la Kisekka, Kampala. Wauzaji watakuuliza kama unataka ya kawaida au ya chuma. Ya kawaida, ile ya rangi ya kijivu yenye bati jembamba katikati, niliambiwa 20,000, ya tabaka tatu za chuma 45,000. Ishike mkononi uone: ya tabaka tatu ina mikunjo ya duara kuzunguka kila tundu, na mikunjo hiyo hufanya kazi kama springi, inafuata chuma kinapocheza. Haihitaji gundi wala silikoni ya aina yoyote. Alama 5.

Kurudisha ni haraka. Stadi mpya na nati mpya zote, maana za zamani zimeshavutika. Grisi ya shaba kidogo kwenye nyuzi ili atakayefungua baadaye asilie kama mimi. Uso wa hedi niliusafisha kwa kipande cha mbao kigumu na petroli, si kwa brashi ya waya ya mashine, ambayo inachimba aluminiamu. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa mizunguko, kidogo kidogo. Ukianza pembeni unaikunja tena manifoldi uliyoilipia kunyooshwa. Niliazima spana ya kupima nguvu, na kipimo nilikitoa kwenye kitabu cha injini hiyo. Msikisie kwa mkono, nyuzi za aluminiamu hazisamehe. Washa, ipate moto, zima, iache ipoe kabisa, kisha pitia nati tena.

Jumla, pamoja na stadi na mpira mpya wa kifuniko cha injini, sikufika 190,000. Gereji ya pili niliyoiuliza ilitaka 450,000 na haikutaja kukereza. Sauti imeisha, masizi hayajarudi, na mama wa mukene amerudi kiti chake cha mbele bila malalamiko, isipokuwa ya nauli.

Kama manifoldi yako imepasuka, msomaji, usiichomelee kienyeji. Chuma cha kusubu kisipopashwa moto kote kabla na kupozwa polepole baadaye hupasuka pembeni mwa weldi. Tafuta iliyotumika Kisekka au Ndeeba, huko huko Kampala, uende na rula yako ya chuma, na uipime pale pale dukani kabla ya kutoa pesa.